Nyumba Iliyojibu Hodi kwa Hodi

Vyungu na shanga mmeviona kule ndani ya makumbusho, na vile vipande vya sahani za Kichina. Sasa tumefika kwenye nyumba kubwa kuliko zote za mji huu wa kale wa Mbirani. Paa halipo, milango haipo. Zimebaki kuta za mawe na chokaa. Nimemsikia mmoja wenu akisimama kizingitini na kupiga hodi kwa mzaha, na ukuta ukamjibu hodi. Mmecheka. Wote wanaokuja hapa hucheka. Ketini kidogo kwenye kivuli cha ukuta, niwaeleze kwa nini haukujibu karibu.

Mji huu ulipokuwa na watu, nyumba zilikuwa na sauti. Mgeni alipobisha, si mwenyeji aliyeitika. Nyumba yenyewe ilisema karibu, na mgeni akavua viatu akapita. Mwenyeji aliweza kuwa jikoni, kisimani au usingizini. Kuitikia ilikuwa kazi ya nyumba, kama kuzuia mvua.

Nyumba hii ilikuwa ya Mwinyi Chande, mjane aliyeishi na binti yake, Mwanamize. Ilikuwa nyumba yenye roho nzuri mno. Ilimkaribisha kila mtu, hata saa ya chakula. Hasa saa ya chakula. Mwinyi Chande alichoka kuona sinia lake la wali likizungukwa na mikono ya watu. Lakini hakutaka kuitwa mchoyo. Siku moja akaiambia nyumba yake, "Kuanzia leo usiseme karibu."

"Nitasema nini?" nyumba ikauliza.

"Mtu akisema neno, mrudishie neno lake. Akisema hodi, nawe sema hodi."

Hila hiyo ilifanya kazi. Mgeni alibisha, akasikia hodi nyingine ikitoka ndani, akadhani yuko mgeni aliyemtangulia ambaye naye bado hajakaribishwa. Akaona haya kubanana, akaenda zake. Watu wakaanza kusemezana mitaani.

"Umepita kwa Mwinyi Chande?"

"Nimepita. Wageni wamejaa hadi ukumbini, wanabisha tu."

"Masikini, mtu yule ana moyo. Sijui anawalisha nini wote hao."

Mwinyi Chande akala wali wake peke yake, akashiba, akanenepa. Nayo nyumba, kwa kurudisha maneno ya watu kutwa kucha, ikaanza kusahau maneno yake.

Mwanamize aliolewa, akashika mimba, na mumewe akiwa safarini alirudi kwa baba yake kujifungua. Asubuhi uchungu ulipomshika, jirani alitumwa kumwita Bi Nunu, mkunga. Baba akaketi chumba cha ndani kabisa, kuta nene pande zote, akimshika binti yake mkono. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na Mwanamize alikuwa anaishiwa nguvu.

Bi Nunu alifika na mkoba wake wa dawa. Hapa Mbirani palikuwa na desturi: uzazi mmoja, mkunga mmoja. Aliyetangulia ndiye mwenye kazi, na wa pili hakanyagi ndani.

"Hodi," akasema Bi Nunu.

"Hodi," ikasema nyumba, kwa sauti ileile ya bibi mzee.

Bi Nunu akakunja uso. "Nimefika mie."

"Nimefika mie," ikasema nyumba.

"Haya, bibi, kazi njema," akasema Bi Nunu, na hakungoja jibu. Alitupia mkoba begani, akaondoka amenuna.

Kule ndani Mwinyi Chande alipaza sauti akaiuliza nyumba, "Bi Nunu hajafika?"

"Bi Nunu hajafika," ikasema nyumba.

"Yuko njiani?"

"Yuko njiani."

Basi akatulia. Akauliza tena, akajibiwa tena, akatulia tena, na jua likazidi kupanda. Mwanamize, midomo imemkauka, ndiye aliyesema, "Baba, hiyo ni sauti yako. Unajiuliza na kujijibu mwenyewe. Toka nje, baba, nitakufa."

Mwinyi Chande alitoka mbio, kichwa wazi, miguu mitupu, mbele ya mji mzima. Alimkuta Bi Nunu kisimani akinawa vumbi.

"Mama, mbona umerudi?"

"Nimekuta mwenzangu ndani."

"Hakuna mtu ndani. Ni nyumba."

"Nyumba yako imepata wapi sauti yangu?"

Pale pale, ndoo zimesimama na wanawake wametega masikio, ikambidi aeleze yote: wali, sinia, hila. Mtu mmoja alicheka. Bi Nunu hakucheka. Alishika njia, akarudi naye upesi, lakini mlangoni alisimama, kwa kuwa haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa.

"Hodi," akasema.

Kabla nyumba haijafumbua kinywa, Mwinyi Chande alipiga kelele, "Karibu! Karibu, mama, karibu!"

Mtoto alizaliwa kabla ya alasiri, wa kike, na mama yake akapona. Baadaye Mwinyi Chande alijaribu kuifundisha nyumba upya. "Sema karibu," akaiambia. "Sema karibu," nyumba ikamwambia. Nyumba nyingine za mji zikaiga mtindo huo, kwa kuwa nyumba nazo husikilizana, na neno likapotea katika mawe.

Na tangu siku hiyo, kuta hazina neno lao ila ulilozipa, na karibu imekuwa kazi ya watu. Ndiyo maana kwetu mtu akibisha, aliye jikoni ataitika akiwa jikoni, na mwenye tonge mdomoni ataitika na tonge lake, haraka, kabla nyumba haijasema kitu. Hatuulizi kwanza ni nani. Jina lako utaulizwa ukishaketi.