Jezi Hushonwa, Mguu Hufunzwa

"Jezi hushonwa, mguu hufunzwa." Mmemsikia kocha akimwambia hivyo yule kijana aliyerudi jana kutoka mjini akitaka acheze leo. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nani aliyeyasema kwanza. Mngejua, msingecheka. Kaeni hapa, mistari ya chokaa nitaimalizia baadaye. Chanzo cha maneno hayo ni uwanja huu huu, na hivi ndivyo yalivyozaliwa.

Siku zile nahodha wetu alikuwa Mbelwa, mkulima wa kabichi. Kocha hatukuwa naye, kwa hiyo ukocha nao akaubeba yeye. Kila Idi pili tulicheza na watani wetu wa ng'ambo ya bonde, na miaka minne mfululizo walikuwa wametufunga. Mbelwa aliliona kosa. Wachezaji wetu walikuwa watu wa jembe mwaka mzima, halafu sikukuu ikifika wanashiba pilau na kuingia uwanjani wakitegemea ubishi. Akaweka sharti kwamba hachezi mtu ambaye hakupanda kilima na wenzake miezi mitatu. Walianza kwa kutembea, baadaye wakakimbia, na hata Ramadhani walipanda polepole kabla ya futari. Tena hawakugusa mpira mpaka wamenyoosha misuli, hata wapita njia wakawauliza kama ni wagonjwa.

La pili liliwashangaza zaidi. Kila Ijumaa aliwakalisha duara, kila mmoja aseme bila haya ni wapi panamuuma na ni nini kinamtia hofu. Kwa mwanamume wa milima hii kukiri mbele ya wenzake kwamba goti linamsumbua si jambo dogo. Lakini walizoea, ikafika mahali mtu anainua mkono mwenyewe katikati ya mechi kuomba atolewe, na hakuna anayemcheka.

Mbelwa alikuwa na kaka yake, Zahoro, fundi cherehani huko Tanga. Baba yao alifariki Mbelwa akiwa darasa la pili, na ni cherehani ya Zahoro iliyomlisha na kumvisha mpaka akawa mtu. Ujanani Zahoro alikuwa mshambuliaji wa kuogopwa. Mwaka ule, katikati ya kazi za Idi ambazo hazimpi fundi nafasi hata ya kujikuna, alishona jezi kumi na nne za bluu zenye ukosi mweupe, akazileta mwenyewe asubuhi ya mechi. Timu yetu haikuwahi kuvaa sare. Watu wazima walizishika, wakazinusa, wengine machozi yakawalenga. Zahoro akazigawa moja moja, na namba tisa akaivaa yeye.

Namba tisa ilikuwa ya Kiondo, kijana ambaye hakukosa kilima hata siku moja. Kiondo akamtazama Mbelwa. Wote wakamtazama Mbelwa.

"Kaka," Mbelwa akaanza, "wenzako wamefanya mazoezi miezi mitatu."

Zahoro akampiga begani kwa mapenzi. "Mdogo wangu, mguu huu unakanyaga cherehani toka alfajiri mpaka magharibi. Nyinyi mmepanda kilima kimoja. Mimi nimepanda vingapi nikiwa nimekaa?"

Watu wakacheka. Mbelwa jibu alikuwa nalo. Alijua kwamba mguu uliozoea kukanyaga ukiwa umekaa haujawa mguu wa kuruka na kugeuka, na kwamba kaka yake alikuwa anakaribia miaka arobaini. Lakini mtu aliyekulea, akakuvisha wewe na timu yako nzima, utamwambiaje akae benchi? Yeye aliyewafundisha wenzake kusema, siku ile akalimeza jibu lake. Akamwashiria Kiondo akae.

Dakika ya kumi Zahoro alifunga bao, vigelegele vikasikika hadi ng'ambo. Baada ya hapo kisigino kikaanza kumvuta. Hakuinua mkono, maana hakuwahi kukaa kwenye duara la Ijumaa, na kwake yeye mchezaji hutoka akiwa amebebwa. Mbelwa alimwona anachechemea. Alijiambia atamtoa mpira ukitoka, mpira ukatoka, akajiambia subiri kidogo. Kipindi cha pili Zahoro aligeuka kuukimbilia mpira wa juu. Mbelwa, aliyekuwa hatua chache pembeni, akasikia kitu kikikatika, kama uzi mnene unaokatwa kwa meno. Zahoro akaanguka, akageuza shingo nyuma kwa hasira.

"Nani kanipiga?"

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Ulikuwa ni mshipa wa kisigino. Alikaa na plasta mguuni miezi kadhaa, na ilipotolewa, mguu ulitembea kwa fimbo lakini nguvu ya kusukuma haukuwa nayo tena. Wateja wa Tanga hawakumsubiri. Akairudisha cherehani nyumbani, na Mbelwa akaketi pembeni yake akikanyaga kwa mguu wake huku kaka yake akiongoza kitambaa. Walijaribu wiki nzima. Mmoja akienda mbio mwingine anasita, na mshono ukatoka umepinda. Siku ya saba Zahoro aliinua mikono kitambaani, akakiacha. Mbelwa akalia, mtu mzima mwenye watoto.

"Nilijua, kaka. Nilijua na sikukwambia."

"Ungeniambia ningenuna siku mbili," Zahoro akasema. "Ya tatu ningekula kwako." Akaipapasa ile jezi namba tisa iliyokuwa imetundikwa ukutani, mshono wake umenyooka. "Nilidhani nikishaivaa imetosha. Jezi hushonwa, mdogo wangu. Mguu hufunzwa."

Hakushona tena. Lakini kila Idi pili alikuja hapa na fimbo yake, akakaa pale karibu na kona. Akitokea mtu kutoka mjini anadai namba yake ya zamani, Mbelwa alimkatalia palepale, hata awe mjomba wake, huku macho yake yakimwangalia kaka yake. Wengi walinuna siku mbili, wakarudi nyumbani kwa miguu yao.

Sasa nendeni mkamwambie yule kijana kwamba kocha hamchukii. Jezi hushonwa, mguu hufunzwa.