Shule ya Jikoni

Hadithi hii si ndefu. Isome taratibu, kisha mpelekee mtu mmoja ambaye hujamwambia neno jema siku nyingi.

Palikuwa na mama mmoja katika milima ya Rungwe, jina lake Atuganile. Alikuwa na watoto wawili: Bupe, msichana wa miaka kumi na mmoja, na Ipyana, mvulana wa miaka saba. Mumewe, Lwitiko, alifanya kazi mbali kwenye mashamba ya miwa, na alirudi nyumbani mara moja tu kwa mwaka, masika yakiisha.

Shule ilikuwa ng'ambo ya mto. Kila masika mto ulifurika na kubeba daraja la mianzi, na watoto wa upande huu walikaa nyumbani miezi mitatu wakiota moto na kusahau walichojifunza. Mwaka ule, siku ya pili baada ya daraja kuondoka, Lwitiko alipiga simu.

"Mama Bupe, nimechoka na mto huo. Nikija nitawachukua watoto niwapeleke kwa dada yangu Mbeya. Wakasome huko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wamalize shule."

Atuganile alimtazama Ipyana, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni akimfundisha kuku kuhesabu. Kuku alikuwa hafiki mbali.

"Nitawafundisha mwenyewe," akasema. "Kila masika watasoma hapa, kiangazi watavuka."

"Wewe?"

"Mimi. Chuo cha ualimu nilikaa mwaka mzima. Na kama sikumaliza, wewe unajua ni kwa sababu ya nani."

Lwitiko alicheka. "Haya, mwalimu nusu. Lakini mimi siko hapo, siwezi kuwapima. Baba yangu yupo hapo jirani. Nikirudi nitamuuliza yeye. Akisema wamejifunza, watabaki. Akisema hawakujifunza, tunaondoka nao."

Simu ilipokatika, Atuganile alibaki ameishika kama mtu aliyeshika chungu cha moto asione pa kukitua. Katika watu wote, Lwitiko alikuwa amemchagua yule mmoja ambaye yeye hawezi kumsemesha.

Kwa desturi ya ukoo ule, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawaongei. Hawakai chini ya paa moja. Wakielekea kukutana njiani, mzee hukohoa, na mwanamke huacha njia akajificha migombani mpaka apite. Wala mwanamke halitamki jina la baba mkwe wake, hata kwa kunong'ona.

Miaka kumi na miwili Atuganile alikuwa ameishi hatua hamsini kutoka kwa mzee yule. Alimpikia kila siku, kwa kuwa mama mkwe alikwisha kufariki, na watoto ndio waliopeleka chakula. Lakini uso wake hakuujua. Alijua kikohozi chake. Alijua alama za buti zake kwenye tope. Alijua kwamba Jumapili hupita na Biblia kwapani, maana watoto walimwambia. Na alijua sahani zake, zilizorudi zimesafishwa hadi zinang'aa.

Jioni ile Bupe alirudi na sahani na ujumbe.

"Mama, babu anasema shule haifanyiki jikoni."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo, kisha akaangalia mvua."

Kesho yake Atuganile alitwaa ubao mmoja, akaupaka masizi na majani yaliyopondwa, akauegemeza penye ukuta wa mianzi wa jiko, akachukua vipande vya makopa ya muhogo mkavu viwe chaki. Mvua ilikuwa inanyesha, na shule ikaanza.

Walisoma kwa mvua, wakasoma kwa ukungu. Walihesabu kwa maharage wakiyapukuchua, na maharage yaliyokosewa ndiyo yaliyotangulia chunguni. Bupe aliweka kopo uani, akapima mvua kwa kijiti kila asubuhi na kuandika. Ipyana alianza na a. Alichora a kama yai, a kama kiatu, mpaka siku moja ikatokea a kama a, wakapiga makofi wote watatu.

Lakini mchana, watoto wakilala na mvua ikipiga mabati, Atuganile alikaa na hamu iliyokuwa haina pa kwenda. Alimtamani mumewe. Alikitamani chuo alichokiacha, madirisha yake marefu, na ile sauti ya mkufunzi ikimwita mbele. Na zaidi ya yote, jambo dogo la aibu: alitamani mtu mmoja amwite mwalimu, na asicheke.

Wiki ya pili Bupe akasema, "Babu anataka tukipeleka chakula twende na madaftari. Tuyaache mpaka asubuhi, ayakague."

Moyo wa Atuganile uliruka. Alikesha akiwaza. Asubuhi aliyafungua madaftari kwa haraka. Yalinuka moshi. Hapakuwa na tiki. Hapakuwa na kosa lililozungushiwa wala neno moja pembeni.

Siku ya pili hivyohivyo. Na ya tatu, na ya kumi.

"Hasemi kitu?" alimuuliza Bupe.

"Hasemi."

"Hata 'vizuri'?"

Bupe aliinamisha kichwa. "Anaangalia tu, mama. Anaangalia sana."

Kisha makopa yakaanza kupungua. Jana vipande vinane, leo vitano.

"Ipyana! Unakula chaki?"

"Sili, mama!"

"Fungua mdomo."

Ipyana alifungua. Mlikuwa na pengo na ulimi, basi.

"Umeshameza," mama alisema, na Ipyana alilia kwa uchungu wa mtu aliyesingiziwa. Bupe alikuwa akitazama miguu yake.

Siku iliyofuata Atuganile alizunguka nyuma ya jiko kuokota kuni. Chini ya upenu, karibu kabisa na ukuta wa mianzi, aliona matundu matatu kwenye tope. Alama ya kigoda. Pembeni yake, alama za buti.

Alisimama pale mvua ikimchuruzika shingoni. Kumbe! Kila asubuhi, anapofundisha, mzee huja kimya akaketi nyuma ya ukuta. Madaftari hayamtoshi. Anataka kumshika kwa maneno yake mwenyewe, ili mwanawe akija asikose la kusema.

"Haya," alijisemea. "Sikiliza basi."

Tangu siku ile alifundisha kwa sauti ya juu. Kila herufi aliitamka mara mbili, polepole, mtu asipate la kumlaumu. Kila silabi aliikata, akaiunga, akaikata tena. "Ba. Be. Bi." Mvua ikizidi, alinyamaza, akaisubiri ipungue, akarudia. Hakuwahi kufundisha vizuri namna ile, na alifundisha hivyo kwa hasira.

Mwezi wa tano wakafika kwenye majina. Ipyana aliandika jina lake, la dada yake, la baba yake, la mama yake, hata la kuku.

"Sasa la babu," akasema. "Mama, la babu linaanzaje?"

Nyuma ya ukuta, kigoda kililia kidogo, kama mtu ameinama mbele.

Atuganile alisita. Kulifundisha jina ni kulitamka. "Hilo tuliache," akasema. "Andika la ng'ombe."

Nje, mtu alikohoa taratibu. Halafu zikasikika buti zikiondoka kwenye tope, ingawa somo lilikuwa halijaisha.

Masika yaliisha ghafla, kama yanavyoisha kila mwaka. Asubuhi moja kopo la Bupe lilikuwa kavu. Ukungu ulipanda, mlima ukaonekana wote, na vijana wakaanza kukata mianzi ya daraja jipya. Siku ya nne Lwitiko alitokea njiani, amekonda, anatabasamu, amebeba begi kubwa jipya. Lilikuwa tupu. Watoto walimrukia. Atuganile aliliona begi kwanza, ndipo akamwona mumewe.

"Za masika, mwalimu nusu?"

"Kamuulize baba yako," alisema. Alitaka kusema maneno mengine, maneno ya mwaka mzima, lakini begi lilikuwa katikati yao.

Lwitiko alikwenda. Atuganile aliketi jikoni na watoto. Aliuchukua mkono wa Ipyana, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Ulikuwa bado na unga mweupe wa muhogo kwenye mistari ya kiganja.

Lwitiko aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. Alishika karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari.

"Nimemuuliza. Hakujibu. Kaniambia nikupe hii."

"Nani kamwandikia?"

"Ndicho nilichomuuliza. Anasema kaandika mwenyewe." Lwitiko alikaa chini. "Mama Bupe, baba hajui kusoma. Maisha yake yote anasaini kwa dole gumba."

"Na ile Biblia ya Jumapili?"

"Anaibeba tu, ilikuwa ya marehemu mama. Hukujua?"

"Ningejuaje?" alisema Atuganile. "Hata uso wake siujui."

Wote wawili walimgeukia Bupe.

"Babu alituambia tusiseme," Bupe alisema haraka. "Alisema mwanafunzi mkubwa ana haya. Makopa nilimpelekea mimi. Ipyana hakula." Akaongeza, kwa haki: "Alikula kimoja tu."

Atuganile aliipokea karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama kama migomba iliyopigwa na upepo, lakini zote zilisomeka.

*Kwa Mwalimu.*

*Watoto wamejifunza. Mimi ni shahidi kwa kuwa nimejifunza nao. Nilianza siku ileile aliyoanza Ipyana, kwenye a. Nilipokuwa mtoto nilitaka sana shule. Baba alinipa ng'ombe nichunge. Nilisema shule haifanyiki jikoni. Nisamehe. Nilikuwa sijawahi kukaa shuleni, ningejuaje inafanyika wapi.*

*Kwenye madaftari sikuandika kitu kwa sababu nilikuwa nanakili.*

*Ulipoanza kusema kwa sauti kubwa nilishukuru sana. Nilijua umeniona ukanihurumia, masikio yangu ni ya zamani.*

*Watoto wasiende. Wakienda nitasoma na nani.*

*Jina langu nimeliacha wazi. Nimejaribu peke yangu, linanishinda katikati. Hilo hukulifundisha. Najua kwa nini, na silaumu.*

Chini kabisa palikuwa na nafasi tupu. Hapakuwa na dole gumba.

Atuganile aliisoma mara moja kwa sauti, kwa ajili ya mumewe, na mara ya pili kimya, kwa ajili yake. Alipofika penye zile sauti kubwa, sauti zake za hasira, machozi yalimtoka. Alikuwa amemdhania mpelelezi. Mzee naye alikuwa amemdhania yeye ana huruma.

"Baba," alisema Lwitiko polepole, kama aliyekuwa akijifunza neno. "Baba yangu ana daftari."

Atuganile aliinuka. Aliufuta ubao kwa kitambaa, wote, pembe hadi pembe. Alichukua kipande cha makopa kilichobaki. Miaka kumi na miwili mdomo wake ulikuwa umelifungia jina lile. Lakini desturi ilifunga mdomo, mkono haikuutaja.

Aliandika herufi saba, kubwa, zenye nafasi katikati.

*A m b w e n e*

Chini yake aliliandika tena limekatwa silabi, kama anavyomwandikia Ipyana: *A – mbwe – ne*. Kisha tena, limeungwa.

"Mpelekeeni babu ubao," akawaambia watoto. "Uegemezeni nyuma, chini ya upenu, uelekee kigoda chake. Na chaki hii."

Walitoka wameubeba ubao, huyu huku, huyu kule. Lwitiko alitaka kuwafuata, mkewe akamshika mkono, wakaketi pamoja sakafuni, wameupa mgongo ukuta wa mianzi.

Kikohozi kilikuja. Buti zikaja. Kigoda kikalia.

Kukawa kimya, kimya kirefu cha mtu anayesoma. Halafu ikasikika sauti ndogo ya muhogo ukikwaruza ubao, ikisimama, ikianza upya. Na baada yake sauti ya mzee, hatua moja kutoka migongoni mwao, sauti ambayo Atuganile hakuwahi kuisikia ikisema neno zima.

"A," ilisema. "A... mbwe... ne."

Kigoda kikalia tena.

"Ambwene! Mwalimu, ni mimi!"

Watoto walipiga makofi kule nje, kama walivyoipigia ile a ya kwanza. Atuganile hakujibu, maana haikuruhusiwa. Aliinua mkono nyuma yake, akagonga ukuta wa mianzi mara moja, taratibu, kama mwalimu anavyoweka tiki.

Lwitiko alilitazama begi lake mlangoni. Akainuka, akalitundika juu darini, akalijaza mbegu za maharage ya mwaka ujao.

Funzo: Anayekaa kimya nyuma ya ukuta wako usimhesabu kuwa hakimu, huenda ana njaa ya kile unachokitoa. Na penye desturi inayofunga mdomo, heshima haikosi kupata mkono wa kusema.