Skii za Mtu wa Kilo Themanini na Tano

Wapendwa, kaeni. Hata ninyi wa nyuma mnaoegemea ukuta, kaeni tu, najua mmechoka, na mfano wa leo ni wa mtu aliyechoka.

Alikuwako bwana mmoja, pande la mtu. Nikisema pande la mtu msimfikirie fundi wetu wa bomba, huyo ni kipande. Huyu ninayemsema mimi, akisimama pale mlangoni, humu ndani tunawasha taa. Kila mlango anainama, kila benchi linamlalamikia, na kilo zake mia na ishirini na moja, kabla hajanywa chai. Alizaliwa huku huku kwetu kwenye baridi ya viazi, akaenda kufanya kazi ng'ambo, nchi ya milima na theluji. Na theluji msinifundishe. Mimi nimeiona Kibo nikiwa nimesimama stendi ya Moshi, mara tatu, na mara ya tatu sikuonyeshwa na mtu, niliitambua mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani. Kule mzee anaishi peke yake, watoto wako miji ya mbali, basi hutafutwa mtu wa kwenda asubuhi kumwogesha, kumpa dawa, kuwasha jiko na kumsikiliza. Bwana wetu alipewa bibi mmoja wa miaka tisini, mgonjwa wa moyo, ambaye nyumba yake iko katikati ya mlima. Kiangazi kizima alimhudumia wakazoeana, yule bibi akawa anamwita mwanangu. Wakati huo barabara ilikuwapo. Theluji ikishaanguka, barabara imekufa. Inabaki njia moja: unapanda mpaka kileleni kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, halafu unateremka kwa skii mpaka mlangoni kwa bibi, na ukimaliza kazi unateremka tena mpaka kijijini.

Skii ni nini? Ni mbao mbili ndefu za kufunga miguuni, ncha zake zimepinda juu kidogo, unateleza nazo. Ziko nyembamba, upana wa vidole vinne, hizo ni za njia iliyoshindiliwa ikawa ngumu. Ziko pana, kiganja kizima na kidole gumba juu yake, na urefu wake zinamfika mtu utosini. Hizo zinakwenda kila mahali mlimani, penye ugumu na penye theluji laini isiyokanyagwa. Mtu mrefu na mzito, hizo ndizo zake, maana zinamfanya aelee juu juu. Naeleza kwa kifupi tu. Nikiamua kueleza kwa ujuzi wangu wote, hapa hatuondoki leo.

Kijijini pale palikuwa na mwenye duka la skii, mtu mwema, aliyewaazima watunza wazee skii bure kila msimu wa baridi. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Unaandika kwenye karatasi urefu wako na kilo zako, unaweka sahihi. Yeye anasoma, halafu anapaza sauti kumwambia mkewe aliye karakana ya nyuma akaze skrubu za kile kishikio cha kiatu kufuatana na hizo kilo. Skrubu zikilegea, kiatu kinachomoka ovyo. Zikikazwa kupita kiasi, siku ukianguka kiatu hakichomoki, mguu ndio unaovunjika. Kwa hiyo kilo lazima zisemwe, na zikisemwa, foleni nzima inasikia.

"Hamsini na nane!" mwenye duka akapaza sauti. Dada mmoja akachukua zake akaenda.

"Sabini na moja!" Akaenda na huyo.

Bwana wetu yuko nyuma na kalamu mkononi, jasho linamtoka kwenye nchi ya barafu. Mbele yake watu wembamba, nyuma yake watu wembamba, na pembeni, akijaribisha kofia, amesimama msimamizi wake wa kazi. Akawaza, huyu akisikia mia na ishirini na moja atasema mlima haunifai, atanirudisha bondeni nikafue mashuka, na yule bibi atapewa mtu mwingine. Ndivyo alivyojiambia. Lakini wapendwa, tusidanganyane, nusu ilikuwa msimamizi na nusu ilikuwa aibu.

Akaandika themanini na tano.

Mwenye duka akaitazama karatasi. Akamtazama mtu, kuanzia chini, akapanda, akapanda tena.

"Themanini na tano?"

"Themanini na tano."

"Una hakika, ndugu yangu?"

"Mwili ni wangu," akajibu, "kwa nini nisiwe na hakika?"

"Haya. Tia sahihi hapo." Kisha kwa mkewe, polepole kidogo kuliko kawaida: "Themanini na tano!"

Foleni nzima ikakohoa.

Akapewa skii nyembamba, fupi, zilizofungwa kwa ajili ya mtu wa kilo themanini na tano. Njia ngumu alijikokota nazo. Lakini nyumba ya bibi haikuwa njia ngumu. Kutoka kileleni unaiacha njia ya watu, unaingia kwenye theluji laini, na humo zile skii zilizama kama kijiko kwenye uji. Anasukuma, ncha zinachimba. Anakata kona, kiatu kinachomoka. Skii moja inabaki kule, yeye yuko huku, uso chini, begi la dawa na mikate limemkalia kisogoni. Kuamka sasa! Unaweka mkono uinuke, mkono unazama mpaka begani. Anatambaa, anafukua skii kwa vidole, anafunga kiatu, hatua ishirini, chini tena. Mwendo wa robo saa ukawa wa saa mbili. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Akawa mtu anayeamka amechoka na kulala amechoka, na kijiko anakishika kwa mikono miwili.

Na aliomba, msidhani hakuomba. Akiwa amekaa mle shimoni alimochimba kwa mwili wake mwenyewe alisema, "Mungu wangu, nipunguzie mlima, au nipunguzie mwili. Kwa nini wenzangu wanapita kama ndege na mimi ndiye wa kuzama?" Akailaumu theluji. Akailaumu nchi ile. Akamlaumu mama yake kwa maziwa aliyomnywesha. Karatasi ile hakuilaumu hata siku moja.

Ikaja wiki ya upepo. Siku tatu viti vya waya havikwenda, na dawa za moyo za bibi zilikwisha siku ya kwanza. Siku ya nne asubuhi waya ukaanza kuzunguka, bwana wetu akawa wa kwanza kupanda, dawa mpya ameziweka kifuani. Theluji ilikuwa ya kiunoni. Alianguka mpaka akaacha kuhesabu. Skii moja ikachomoka ikaenda zake chini ya theluji, hakuiona tena. Iliyobakia akaishika mkononi kama mwiko, akaogelea. Alitegemewa saa nne asubuhi. Alifika saa tisa alasiri.

Mlango uko wazi. Jiko limezimika. Bibi yuko sakafuni, midomo imebadilika rangi.

Akamnyanyua, akampa dawa, akamfunika kila kilichofunika, akawasha moto, akamsugua mikono. Baada ya muda bibi akafumbua macho.

"Nilikuona," akasema. "Tangu saa sita nilikuwa dirishani. Unaanguka, unaamka, unaanguka. Nikasema mwanangu atafia pale. Nikaja mlangoni nikupigie kelele ukate kushoto. Ndipo nikaanguka na mimi."

"Nisamehe, bibi. Ni hizi skii."

"Lete niione."

Akampa ile moja. Bibi alizaliwa mlima ule, akapitisha dole gumba kwenye ubao kama anayepima kitambaa.

"Hii ni ya mtu mwingine. Uliwaambia una kilo ngapi?"

Akachochea jiko. Moto unalia.

"Ngapi, mwanangu?"

"Themanini na tano."

Bibi akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko. "Marehemu mume wangu alikuwa na mia na kumi. Nimelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na miwili. Mimi unidanganye kuhusu mia?"

Akina mama, msicheke sana, waume zenu wanatazama.

Kisha bibi akamshika kidole kimoja, maana mkono wake ulitosha kidole kimoja tu cha mtu yule. "Usije tena na hizi," akasema. "Sitaki kukutazama tena dirishani namna ile. Sina nguvu hiyo."

Kesho yake jirani akaja kwa skii zake kukaa na bibi, na bwana wetu akashuka kwa miguu, akijikokota kwenye theluji, moja kwa moja mpaka dukani. Hakusalimia. Alisimama mbele ya kaunta, amelowa, akasema, "Mia na ishirini na moja."

Mwenye duka hakupaza sauti. Alikwenda nyuma mwenyewe, akarudi amekumbatia skii mbili ndefu, pana, vumbi limezikalia. Bwana wetu akazishika. Akajua kwa kuzishika tu.

"Hizi zilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Siku ile ulipoinama kuingia mlangoni, nilizishusha ukutani nikaziegemeza upande wangu wa kaunta. Nikasema, hizi ni za huyu. Halafu ukaniletea karatasi."

"Si uliniona!" Akazilaza skii juu ya kaunta. "Uliniona kwa macho! Kwa nini hukunipa tu?"

"Nilikuona. Lakini siwezi kukaza skrubu kwa mia na ishirini na moja juu ya sahihi ya themanini na tano. Nikikosea, nimekuvunja mguu. Nilikuuliza, ukasema themanini na tano. Nikakuuliza una hakika, ukasema mwili ni wako. Basi nikazirudisha."

Nikazirudisha!

Wapendwa, mimi ni msemaji, mnanijua, ndege akipita nina habari zake. Lakini neno hilo huwa linaninyamazisha. Ni vitu vingapi vilishushwa ukutani kwa ajili yetu sisi, vikaegemezwa tayari, tukaja na karatasi yetu, vikarudishwa?

Maana sisi tukoje? Tunakutana hapo nje. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Kazi? Tunashukuru. Halafu tukishamaliza kusema nzuri, ndipo tunaongeza, "ila mama amelazwa tangu Jumapili." Na huyo ni afadhali, huyo ameongeza. Wangapi humu tumeishia kwenye nzuri? Mtu hajala, salama. Ndoa inavuja kila upande, salama. Amelia njia nzima, kufika getini amejifuta, salama kabisa. Tukipiga magoti ni hivyo hivyo, tunamwandikia Mungu themanini na tano, tunatia sahihi, tunasema amina. Kisha tunazama mpaka kiunoni na kuuliza kwa nini wenzetu wanapita.

Utasema, mhubiri, Mungu si anajua uzito wangu bila kuambiwa? Anajua. Na yule dukani alijua, macho alikuwa nayo. Anakuuliza kwa sababu hawezi kukupa msaada wa mzigo unaoukana. Na watu wako nao, walioko dirishani, unadhani hawakuoni unavyoanguka? Mke anaona. Mtoto anaona. Nani atakuwa sakafuni siku utakapochelewa?

Aibu yenyewe, wapendwa, ni ya dakika moja. Inatangazwa namba, foleni inakohoa, basi imekwisha. Kuzama ni kwa msimu mzima.

Kwa hiyo leo hatuimbi bado. Mgeukie aliye kushoto kwako, muulize habari. Akisema nzuri, muulize mara ya pili, polepole. Na wewe ukiulizwa, sema kilo zako zote, hata kama sauti itakatika. Naanza mimi ili asiwepo wa kusema mhubiri anatuma tu. Nimechoka. Tangu mwaka jana nimechoka, na kila mliponiuliza nilisema salama.

Haya. Na wewe?