Foleni Mbele ya Duka Lililofungwa

Amri ya serikali ya kudhibiti bei ya sukari ilipokwisha muda wake, Mzee Ndauka alitoa magunia ya sukari aliyoyaficha miezi miwili, akaiuza kwa bei maradufu. Duka la ushirika lilikuwa limefungwa, kwa hiyo alibaki muuzaji pekee kijijini.

"Mzee wangu, jirani yangu amejifungua," Siwema alimwomba. "Nipunguzie bei, kilo moja tu ya kutia kwenye uji wake."

"Serikali imeniacha huru, mwanangu. Akiona ghali, atie chumvi."

Siwema akacheka, akaaga kwa adabu.

Asubuhi iliyofuata, mawe na vikapu vya kushikia nafasi vilikuwa vimepangwa kutoka mlango wa duka la ushirika hadi barabarani. Wanawake walikaa pembeni wakisukana nywele.

"Siwema, kunaletwa nini hapo?"

"Mzee wangu, tangu lini mtu akauliza? Ukiona foleni, unapanga."

"Ni sukari? Ya bei ya zamani?"

"Mimi nitajuaje?"

Ndauka aliyatazama magunia yake, akaona yatamdodea. "Njooni kwangu!" akapaza sauti. "Sukari bei ya zamani!"

Kufikia adhuhuri magunia yalikuwa matupu, na mzazi alikuwa ameshiba uji mtamu. Ndauka akaweka jiwe lake kwenye foleni, ili naye anunue cha kuficha. Akangoja hadi alasiri.

"Siwema, wa kwanza hapa ni nani? Huyo ndiye anayejua."

"Ni mimi, mzee wangu. Niliweka jiwe alfajiri, wenzangu wakapanga nyuma yangu."

"Kumbe unajua! Ulikuwa unangoja nini?"

"Bei yako ishuke."