Ndama Aliyelamba Ukuta wa Jikoni

"Ndama akilamba ukuta, usimfunge mdomo." Mmeisikia asubuhi kituoni mlipopeleka maziwa, na sasa mnataka kujua nani aliisema kwanza. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Rungwe, zamani za babu zetu, aliishi mwanamke aitwaye Tumpale na mumewe, Baba Lugano. Ng'ombe wao wa pekee alikufa kwa homa, akaacha ndama jike wa miezi minne. Tumaini lao lote la maziwa likabaki kwa yatima huyo. Tumpale alimlisha majani mabichi na pumba za mahindi, na siku nyingine uji wa ulezi. Hata hivyo ndama alidhoofu, manyoya yakamsimama, na kila alipofunguliwa alikimbilia ukuta wa jikoni, akaulamba mpaka fito zikaonekana.

Baba Lugano, aliyekuwa ameukandika ukuta ule juma lililotangulia, alikasirika. Akasuka kikapu kidogo, akamfunga ndama mdomoni.

"Atavuliwa wakati wa kula tu," alisema. "Ukidekeza ndama, kesho utafuga fisi."

Siku ya tatu ndama alilala chini, akakataa hata pumba. Tumpale aliketi kando yake akiutazama ukuta. Jambo moja lilimkereketa. Nyumba ina kuta nyingi, na zote ni za udongo. Kwa nini huu tu? Akainuka, akautia ulimi.

"Mama Lugano! Na wewe umeanza?" mumewe alimaka, akitokea shambani.

"Udongo huu uliuchota wapi?"

"Kwenye chemchemi ya maji moto. Ule wa kuta nyingine ulitoka mtoni."

"Njoo uulambe."

"Mimi? Majirani wataniona!"

"Na wakuone. Lamba."

Baba Lugano akatazama kulia, akatazama kushoto, akalamba. Akalamba tena.

"Una chumvichumvi," alisema polepole.

"Sisi mboga isiyo na chumvi hatuili. Huyu tumempa chumvi lini?"

Baba Lugano alimvua ndama kikapu, akachukua gunia, akashika njia ya chemchemini. Alikuta nyayo za swala zimejaa pale, na udongo umechimbika kwa ndimi zao. Akarudi amejitwika gunia la udongo. Tumpale alichanganya kiganja kimoja na pumba. Ndama alinusa, akala akiwa amelala vilevile. Kesho yake alisimama. Mwezi ulipoisha manyoya yalikuwa yamelala, yanang'aa, na ukuta hakuugusa tena.

Mwaka uliofuata ukoo uliketi kuamua shauri la mke wa mpwa wa Baba Lugano, aliyedaiwa kugombana na kila mtu kisimani. Wazee walitaka apigwe marufuku kusema mbele za watu. Baba Lugano akasimama.

"Mmeshamuuliza anakosa nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walipomuuliza, mwanamke yule alilia kwanza. Kisha akasema mama yake alikuwa mgonjwa kwao mwaka mzima, na mumewe hajamruhusu kwenda kumwona hata siku moja.

Wazee wakainamisha vichwa. Siku ileile akafungiwa mzigo wa ndizi na kusindikizwa kwao. Naye Baba Lugano akawaambia waliobaki maneno mliyoyasikia leo: "Ndama akilamba ukuta, usimfunge mdomo."