Mama Aliyetandika Shuka Majanini

Wapendwa, leo siwapeleki Yerusalemu. Nawapeleka Ujerumani, na msianze kunong'onezana kama nimewahi kufika. Sijafika. Mfano hauulizwi pasipoti.

Kulikuwa na mama mmoja mjane huko Ujerumani, kati ya vita kuu ya kwanza na ya pili. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, naye akachukuliwa na jeshi la ndege. Ndege yenyewe si kama hizi za leo. Ilikuwa na mabawa chini na mabawa mengine juu yake, kama vitanda vya bweni, katikati nguzo na waya. Watu wawili ndani, vichwa nje, upepo wote usoni. Mbele rubani, nyuma mtazamaji. Kazi ya mtazamaji ni kuchungulia nchi ya watu: daraja liko wapi, barabara inapita wapi, nani anakwenda na nini. Apige picha, akaseme. Kwetu mtu wa kazi hiyo tunamwita mbea. Kwao alipewa cheo. Na chini ya tumbo la ndege palikuwa na mahali pa kuning'iniza mabomu madogo, kwa siku ambayo umbea peke yake hautoshi.

Mtazamaji huyo ndiye mtoto wa yule mama.

Sasa, katika mazoezi yao walikuwa wakipita juu ya kijiji chake. Mama aliambiwa na jirani: "Lile dude linalotutishia kuku, mwanao yumo." Tangu hapo mama akawa mtu wa kusikiliza mbingu. Mara ya mwisho kumwona kijana, ndevu zilikuwa hazijaota. Na macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu; daktari alimwambia waziwazi, huu hautoki, utazidi. Mama hakulia. Alitaka jambo moja tu, auone uso wa mwanawe wakati bado ana cha kuonea.

Afanyeje? Apige kelele? Mngurumo ule ulimeza hata kengele ya kanisa. Akaingia ndani, akatandua shuka ya kitanda chake, akatandua na ya kitanda cha mwanawe, kitanda alichokuwa akikitandika upya kila mara ingawa hakikulaliwa. Akazitandaza majanini nyuma ya nyumba, mbili, kando kwa kando, nyeupe pe.

Jirani akachungulia. "Unaanika nini na mawingu haya?"

"Sianiki. Namwambia ashuke."

"Kwa shuka?"

"Kwa shuka. Ana akili, ataelewa."

Mnacheka. Najua Kijerumani hakina mchezo huo, lakini mama huyu ni wa mfano wangu, ataongea Kiswahili.

Shida ni kwamba askari nao wana lugha yao. Siku hizo wa chini walizungumza na wa juu kwa vitambaa vyeupe vilivyotandazwa ardhini. Na vitambaa viwili kando kwa kando, katika lugha ile, maana yake ni hii: Hatuna shida, endeleeni na safari.

Kijana akainama, akaona. Moyo ukamruka. Alilijua paa lile, alijua hata jikoni kunanukia nini saa hizo. Akamgonga rubani begani, akapaza sauti juu ya upepo: "Pale ni kwetu. Mama ametuwekea ishara."

"Anasemaje?"

"Hana shida. Tuendelee."

"Mama wa kijeshi huyo," rubani akasema, akatikisa mabawa kumsalimu, wakaenda zao.

Kule chini mama akaona mabawa yakitikisika. Akasema, "Ameniona, sasa atakuja." Akaweka maji jikoni. Akakaa mlangoni mpaka yakachemka, yakaisha, sufuria ikaungua.

Mtaniuliza, kijana hakuwa na likizo? Alikuwa nayo. Akaenda na wenzake ziwani, akijisemea, mama mzima, nimepita juu yake juzi tu. Na mfukoni alikuwa na picha ya nyumba yao aliyoipiga kutoka juu, akiitoa usiku na kuitazama. Alimtamani mama yake kweli, msidhani vinginevyo. Siku moja akafunga kifurushi cha kahawa nzuri, akakining'iniza palepale pa mabomu, wakakiachia juu ya kijiji. Jirani alipoona kitu kinadondoka aliingia uvunguni. Alipotoka akampelekea mama.

"Mwanao amekutupia kahawa."

Mama akainusa. "Kahawa ninayo. Ninayemkosa ni aliyeitupa."

Akaendelea kutandika. Alitandika maua yakichanua, akatandika majani yakipukutika. Hata theluji ilipoanguka alitandika, nyeupe juu ya nyeupe, nani angeona?

Ukungu wa macho ukafunga kabisa. Siku moja akasikia mngurumo, akatoka akipapasa ukuta. Shuka moja alikuwa nayo mkononi. Ya pili ilimdondoka, ikalala miguuni pake, asiione. Akatandaza hiyo moja.

Na kitambaa kimoja, kwa lugha ya askari, ni: Tueni hapa.

Wakatua malishoni, ng'ombe wakatawanyika. Kijana akaja mbio na kofia yake ya ngozi na miwani mikubwa ya upepo.

"Mama, hatimaye umeniita."

Mama akanyoosha mikono, akamkosa, akampata begani. Akapanda kwa vidole mpaka usoni, akakuta vioo.

"Hivi ni nini?"

"Miwani, mama. Ya kuonea huko juu."

"Ivue."

Akaivua. Mama akapapasa paji, pua, akafika kwenye ndevu asizozijua, akasimama hapo.

"Lakini mimi nilikuona kila nilipopita," kijana akasema. "Hata picha ninayo."

"Uliona paa," mama akamjibu. "Na mimi nilikuita nikiwa na macho."

Sasa tumpige mawe kijana? Hakuwa mwovu. Alisoma ishara kama alivyofundishwa, ikampendeza, kwa sababu ilimruhusu kuendelea na safari.

Na sisi je? Ndege hatuna, lakini watazamaji tumejaa humu ndani. Mama anakwambia kwenye simu, "Mimi sijambo mwanangu, wewe endelea na kazi zako," nawe unakata simu umeridhika. Lini mama yako aliwahi kukwambia ana shida? Atakwambia hajambo huku ameshika ukuta. Unatazama picha yake ya sikukuu unasema, mama kanenepa. Hajanenepa, amevimba miguu.

Mungu alituona kutoka juu zaidi kuliko mtu yeyote mwenye mabawa. Angeweza kututikisia wingu kidogo, akapita. Akashuka. Akazaliwa penye kunuka ng'ombe, akabebwa mikononi mwa mwanamke. Ikiwa yeye aliona kwamba kuona hakutoshi, wewe na simu yako ni nani?

Basi wiki hii nendeni. Usitangulize kifurushi. Usipige kwanza kuuliza kama kuna shida, utaambiwa hakuna. Fika, vuta kigoda, kaa penye mwanga, umwache akutazame mpaka atosheke mwenyewe.