Rangi ya Lango la Kisimani

Aliyeulizwa rangi ya lango hakuulizwa mji. Mmenisikia nikimwambia hivyo baba yenu alipokuja kuniuliza nataka sare ya harusi ya rangi gani, ilhali tarehe na ukumbi walishavipanga wenyewe. Mkacheka. Haya, sogeeni, niwaambie maneno hayo yalikotoka.

Methali hii ilizaliwa hapa hapa Kisimani, na mkunga wake alikuwa kitanda.

Uchochoro wetu gari haliingii. Tangu zamani kitu kizito hutoka mabegani: kabati la bibi harusi, mgonjwa, maiti. Ndiyo maana kwenye kona ya kisima wazee waliacha uwazi mpana. Mgeni akiuona hudhani ni uvivu wa kujenga. Sisi tunajua ni mahali pa kugeuzia kitanda.

Wakati huo Mzee Mbwana, fundi viatu, alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda kibaya mguuni. Kila wiki vijana walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, bajaji impeleke kusafishwa kidonda. Daktari alishaonya: akikosa, mguu utakatwa. Mkewe, Bi Tabu, hakuwa na usingizi kwa kuuwaza mguu ule.

Ndipo akaja afisa wa mipango miji, Bwana Lwitiko, na shati lililopigwa pasi mpaka lenyewe likaogopa kukunjamana. Mtaa unaboreshwa, akasema, na wenyeji lazima washirikishwe. Tulifurahi, jamani! Tukaitwa mkutanoni, tukapewa soda, tukaulizwa: lango la kuingilia mtaa lipakwe buluu au kijani?

Bi Tabu akanyoosha mkono. "Mwanangu, pale kwenye kona ya kisima mnaweka nini?"

"Bustani, mama. Na ukuta mdogo wa kukalia."

"Na kitanda kitageukia wapi?"

"Hilo tumelichukua, mama. Leo ajenda ni rangi."

Tukaitwa tena. Bi Tabu akauliza lile lile, akajibiwa lile lile, sisi tukaonyeshwa buluu iliyoiva na buluu iliyopauka. Tukaitwa tena! Shoga yangu mmoja aliacha kusalimiana na dada yake kwa sababu ya kijani. Na ajenda, nawaapia, bado ilikuwa rangi.

Ukuta ukajengwa. Siku ya uzinduzi ikaangukia siku ya kidonda. Spika zinapiga muziki, lango limefunikwa shuka, Bwana Lwitiko kashika mkasi wa kukatia utepe. Mara tukasikia huko ndani, "Shusha! Inua! Rudi nyuma, unaniponda!" Kitanda kimenasa kwenye kona, miguu miwili ndani ya maua, na Mzee Mbwana kainama upande kama nguo iliyoanikwa vibaya.

Bwana Lwitiko akaja mbio. "Jamani, mbona hamkusema? Si tuliwashirikisha?"

Bi Tabu alimtazama mpaka jasho likalilowesha lile shati.

"Mlituuliza rangi ya lango, mwanangu. Mji hamkutuuliza."

"Na hilo lango," akadakia Mzee Mbwana kutoka kitandani, "ningependa kuliona nikiwa bado na miguu miwili."

Fundi aliyejenga ukuta alikuwepo. Akaleta nyundo.

"Ngoja kwanza," akasema afisa, "hadi kipatikane kibali."

"Kije upesi," akajibu Bi Tabu. "Na kikiwa kinene, kitanasa hapo hapo na mume wangu."

Bwana Lwitiko akautazama ule mguu uliofungwa bendeji. Akatia mkasi mfukoni, akamwambia fundi, "Vunja."

Ukuta ukaanguka pamoja na maua yake. Vijana wakageuza kitanda, wakatimua mbio kuelekea barabarani. Hakuna aliyekumbuka utepe. Kitanda ndicho kilichoukata, kikaburuta na shuka la lango, na kwa mara ya kwanza mtaa mzima tukaliona lango letu.

Lilikuwa la kijivu.

"Ndiyo iliyokuwepo stoo," akasema Bwana Lwitiko, taratibu sana.

Mguu wa Mzee Mbwana ulipona, na kona mpaka leo iko tupu, mbaya, inatutosha. Basi wajukuu zangu, akija mtu kuwashirikisha, mwulizeni kwanza kuhusu kona. Aliyeulizwa rangi ya lango hakuulizwa mji. Na sisi wa Kisimani, kumbe hata hiyo rangi hatukuulizwa kweli.